Redio ya Kinyozi

Waulize waliokulia mtaa ule, ambao sasa wana vitambi na miwani, watakuambia utoto wao ulikuwa asali tupu. Watakutajia bomba la maji lililokuwa likitema hewa mchana kutwa, na ndoo zilizosimama foleni badala ya wenyewe. Watakutajia mpira wa soksi, kamba ya katani ambayo wasichana waliiruka mpaka vumbi likawapanda magotini, na betri kuukuu zilizoanikwa juani juu ya bati zipate nguvu ya mwisho. Halafu, hata hujauliza, watafika kwa kinyozi. "Pale kwa Kinyozi, acha bwana!" watasema, na kabla hawajaanza kusimulia watakuwa wameshacheka.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwuliza binti wa kinyozi anakumbuka nini.

Kinyozi alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, mlango ukitazama barabara. Palikuwa na kioo kikubwa chenye ufa, kiti cha chuma kilichopanda na kushuka kwa kukanyagwa, ubao wa kukalishia watoto, na ukanda wa ngozi wa kunolea wembe ukining'inia kwenye msumari. Harufu yake ilikuwa poda na spiriti. Nyuma ya pazia ndiko familia ilikoishi: kitanda, meza, magodoro ya watoto yaliyokunjwa ukutani, na mama watoto akinyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Ukikohoa nyuma ya pazia, wa mbele anakuambia pole.

Mwenyewe alikuwa mcheshi wa kuzaliwa. Alimwiga mwalimu mkuu, akamwiga daktari wa zahanati, akawaiga mume na mke wanaogombania blanketi, yote hayo huku wembe ukipita shingoni mwa mtu bila kuacha hata mkwaruzo. Walionyolewa juzi walirudi leo wakijifanya ndevu zimeota. Mtoto aliyeingia analia alitoka ameshika mbavu.

Alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza mvulana, mzuri wa sura kama mama yake. Wa pili msichana, ambaye aliugua dondakoo angali mdogo sana. Hospitali ilimwokoa, ila sauti haikurudi kama ilivyokuwa. Ilirudi nzito, yenye mikwaruzo, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Siku aliporudishwa nyumbani alimnyooshea baba yake mikono akasema, "Baba." Kinyozi akatazama chini ya kiti, akatazama nyuma ya mlango, akauliza, "Nani kaingiza chura humu ndani?"

Wateja walicheka hadi mmoja akadondoka kwenye benchi. Tangu siku hiyo mtoto akawa Chura, nyumbani, bombani na shuleni.

Ukweli ni kwamba mwanzoni Chura alifurahi sana. Jumamosi chumba kilipojaa, baba yake alikuwa akiizima redio katikati ya muziki na kupiga kelele, "Jamani, betri zimekwisha! Chura, njoo utusomee taarifa ya habari!" Basi Chura anatoka nyuma ya pazia mbio, amevaa gauni la kutokea, anapandishwa juu ya kreti la soda. Habari zenyewe alizitunga baba yake na kumkaririsha asubuhi yake. "Karani wa posta amenunua viatu vipya vinavyombana, lakini anasema ni vizuri sana." "Fundi seremala ametengeneza kiti cha miguu mitatu, mguu wa nne ni wa mteja mwenyewe." Alizisema zote kwa uso mkavu, kama alivyofundishwa, na kila alipomaliza moja watu walijipiga mapaja.

Kisha mtu mmoja lazima apaze sauti, "Fundi, mawimbi mabaya leo! Zungusha kidogo!" Kinyozi anamshika binti yake sikio, analisokota taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni. Akisokota huku, Chura anateremsha sauti mpaka inakuwa ngurumo. Akisokota kule, anaipandisha mpaka inapasuka. Sikio liliuma, na mara nyingi lilibaki limechubuka nyuma. Lakini alipotazama zile nyuso zote zikimwelekea yeye, zikitokwa machozi kwa raha, Chura aliamini kabisa kuwa hakuna mtoto anayependwa mtaani kumzidi. Akienda bombani alijizoeza. Akijifungia chooni alijizoeza. Kaka yake alimwonea wivu, akamwambia, "Na mimi ningeugua koo." Chura akamjibu, "Si kila mtu anaweza."

Shuleni mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwalimu wa nyimbo alimpanga mstari wa nyuma akamwambia, "Wewe fungua mdomo tu, mwanangu, usitoe kitu." Chura hakuona ajabu. Alidhani anatunzwa kwa ajili ya Jumamosi.

Jumamosi moja aliingia dereva wa lori, mpita njia, asiyejua mtu. Alikaa kitini akafungwa kitambaa shingoni. Taarifa ya habari ikasomwa, sikio likasokotwa, chumba kizima kikaangua kicheko. Dereva peke yake hakucheka. Alimtazama Chura kupitia kioo, akauliza kwa upole, "Fundi, mtoto huyu anaumwa?"

Kicheko kilikatika. Kinyozi hakupenda kicheko chake kikatwe. "Haumwi," alisema akinoa wembe. "Ndivyo alivyo. Nimeshamwambia mama yake, huyu hana wa kumwoa. Tutamfunga mlangoni afukuze wezi. Mwizi akisikia 'karibu' ya huyu, anaacha hata alichokuja nacho!"

Walilipuka upya, kwa nguvu kuliko mwanzo. Chura, juu ya kreti, alitazama pazia. Lilikuwa limefunguliwa kidogo, na mama yake alikuwa amesimama pale, pasi mkononi, kiganja kingine kimeziba mdomo. Mabega yalikuwa yakitikisika. Chura alidhani mama analia. Akaangalia vizuri. Mama alikuwa anacheka.

Alishuka kwenye kreti bila kushushwa. Jumamosi iliyofuata, alipoitwa, hakutoka nyuma ya pazia. Baba yake alimwita tena kwa mzaha, akamwita kwa ukali, akamfuata. Chura alikuwa amekaa kwenye godoro ameshika magoti.

"Sitaki," alisema.

Kinyozi hakuwa mtu wa kupiga watoto, na alijisifia hilo. Alirudi mbele akawaambia wateja redio imeharibika. Jioni, familia ilipokaa kula, alitangaza kwa sauti ya kawaida, "Humu ndani kuna mtu hataki kusema na sisi. Basi na sisi hatusemi naye. Yeyote atakayemsemesha atamfuata hukohuko."

Kaka aliona ni mchezo mzuri sana. Alimpita dada yake kama anapita stuli. Akigongana naye alijifanya kushangaa: "Nimejikwaa wapi tena?" Mama aliweka sahani ya Chura mezani akageuza uso kabla Chura hajasema asante. Watoto wa uani nao wakaambiwa, nao wakaona ni mchezo, maana watoto hupenda sheria mpya. Kamba ikirukwa, Chura akisogea, kamba inakunjwa. Ndoo yake bombani ilisukumwa na mguu mpaka mwisho wa foleni, na alipouliza nani kaisukuma, walitazama mawingu. Haikuwa siku moja wala mbili. Mvua zilianza akiwa hasemeshwi, zikakatika akiwa hasemeshwi. Chooni ndiko alikokuwa akijisemesha mwenyewe, polepole, ajue kama sauti bado ipo. "Habari yako?" "Nzuri. Na wewe?"

Jirani mmoja, mwanamke mzima, alimkuta nyuma ya nyumba akizungumza na kuku. Alimwita mama wa Chura pembeni akamwambia, "Shoga, mtoto ataharibika." Mama alijibu, "Baba yake anamfunza." Yakaishia hapo.

Mwisho wake watu wote wa mtaa ule wanaujua, na wanausimulia mpaka leo kwa furaha. Jumamosi, chumba kimejaa, redio inaimba. Pazia likafunguka, Chura akatoka amevaa gauni la kutokea. Lilikuwa limeshaanza kumbana. Hakuitwa na mtu. Aliliburuta kreti mpaka katikati ya chumba, akapanda, akaizima redio kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Hii ni taarifa ya habari." Sauti ilikuwa mbaya kuliko zamani kwa kukosa kazi. Alitazama mbele, hakutazama mtu. "Chura aliyepotea amepatikana. Anaomba radhi kwa wasikilizaji."

Hiyo alikuwa ameitunga mwenyewe. Nyumba nusura ianguke. Wanaume wazima walikumbatiana. Kinyozi alilia machozi ya kweli, akambeba binti yake, akamkalisha kwenye kiti kikubwa, juu ya ubao, akamnyunyizia poda shingoni kama mteja wa heshima. "Huyu ni damu yangu!" alipaza sauti. "Mnaona? Huyu ni wangu!" Na mikono yake ilikuwa laini kweli. Chura alipokuwa mtu mzima ilimuuma sana kwamba, katika utoto wake wote, mguso aliokuwa akiukumbuka zaidi kwa utamu ulikuwa ule.

Alisoma taarifa mpaka akakua, akawa hatoshi tena juu ya kreti. Siku moja, wakiwa wawili tu, alimwuliza mama yake kwa nini alikuwa akicheka siku ile ya dereva. Mama alikuwa ananyoosha kola ya shati. Aliigeuza, akanyoosha upande wa pili, ndipo akajibu. "Mwanangu, siku baba yako asipokucheka wewe, atanicheka mimi."

Chura alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mbali na mtaa wao. Alipapenda tangu siku ya kwanza. Mashine zilinguruma kutwa, kila mtu alizungumza kwa kupiga kelele, na katika kelele ile sauti zote zilikuwa mbaya sawasawa. Huko ndiko alikokutana na mwanamume mmoja, fundi wa mabomba, mpole, ambaye alipomsikia mara ya kwanza alisema tu, "Umepatwa na mafua?" na alipoelezwa akasema, "Aa," basi. Walipatana. Wakapanga mambo yao. Ikabidi aende kuonyeshwa nyumbani.

Chura alimwomba baba yake kabla. "Baba, nakuomba. Siku hiyo moja."

"Mimi?" Kinyozi alishika kifua. "Mgeni wa heshima, nitamfanya nini?"

Siku ilipofika alimkalisha mgeni kitini, akampaka povu, akaanza kunyoa, na kwa mkono mwepesi na ulimi mwepesi akamsimulia yote. Kreti. Mawimbi. Mwizi na ile 'karibu'. Alimwiga Chura akisema "nakupenda" kwa sauti ya chura kwenye dimbwi. Fundi mabomba alijizuia, akajizuia, mabega yakamshinda. Alicheka mpaka povu likamwingia mdomoni. Njiani kurudi alisema, "Baba yako ni raha sana! Mbona ulikuwa unamficha?"

Chura aliachana naye kabla ya mwezi kuandama, na hakumweleza sababu, kwa kuwa ya kueleza ilikuwa moja tu, na mwanamume huyo alikuwa ameshaicheka.

Miaka ikaenda. Mama alifariki akiwa amekaa, pembeni ya nguo zilizokwisha kunyooshwa. Kaka alihamia mji mwingine, akaoa, akanenepa. Kinyozi akabaki peke yake na kiti chake, mikono ikaanza kutetemeka, wateja wakapungua, halafu miguu ikavimba na moyo ukachoka. Kaka alipiga simu. "Wewe ndiye uko karibu," alisema. "Na unajua alivyokuwa anakupenda."

Kwa hiyo Chura alichukua likizo akarudi nyuma ya pazia. Alimwogesha baba yake, akamlisha, akamgeuza asipate vidonda. Mzee hakuwa msumbufu. Alikuwa akitania hata kifo: akipewa dawa alisema, "Mpe kwanza mgeni aliyesimama hapo mlangoni, amechoka kusubiri."

Asubuhi moja, akimfuta uso, Chura aliamua kuuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo muda mrefu, akaona asipolisema sasa atabaki nalo.

"Baba, unakumbuka ule wakati mliponinyamazia?"

"Upi huo?"

"Nilipokataa kusoma taarifa. Ukawakataza watu wasiniongeleshe."

Mzee alifumba macho akitafuta. Kisha uso wote ukachanua. "Aaah! Ule mchezo! Wewe mtoto ulikuwa mkaidi! Ulitushinda sote. Nilikuwa namwambia mama yako, huyu atakuja kuwa hakimu." Alicheka mpaka akakohoa. "Halafu ile siku ulipotoka! 'Chura aliyepotea amepatikana.' Nani alikufundisha? Sijawahi kufurahi vile maishani mwangu."

"Nilikuwa naongea na kuku, baba."

"Kuku?" Akacheka tena. "Hiyo hukuniambia."

"Mlininyima hata salamu."

Hapo mzee alimtazama kwa macho yenye ukungu, akionekana kujaribu kweli kuelewa. "Chakula nilikunyima?"

"Hapana."

"Nilikupiga?"

"Hapana."

"Basi." Alimpapasa mkono. "Mtoto wangu, nilikutania wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekupenda. Kaka yako hata sikumbuki nilikuwa namwambia nini."

Na huo ndio uliokuwa ukatili mkubwa kuliko yote, kwa sababu hakuwa anadanganya. Chura aliona wazi. Baba yake alikuwa na utoto wa Chura mkononi, wote, siku kwa siku, na katika utoto ule aliokuwa nao baba hapakuwa na mtoto aliyelia. Aliendelea kumfuta uso. Mzee alifariki wiki hiyohiyo, mchana, akiwa anasimulia.

Mazishi yalijaa. Walitoka kila pembe, wenye vitambi na miwani, wakaweka magari yao barabarani pale palipokuwa na bomba. Baada ya kuzika walirudi uani, wakakaa kwenye viti vya kukodi, na mazungumzo yakawa yaleyale: mpira wa soksi, kamba, betri juu ya bati. Kaka alisimama akasema machache, akashindwa kwa machozi. Ndipo mtu akapaza sauti, "Na Chura aseme! Chura ndiye redio!"

Alisimama. Hakuwa amepanga. Lakini alipoona kila mtu ameshamgeukia, aliona kwamba watu wote waliokuwepo wakati ule, walio hai, wako pale mbele yake, na hawatakusanyika tena.

"Nataka kuwaambia baba yangu alikuwa nani," alisema. Kwa kuisikia tu ile sauti, tabasamu lilipita kwenye viti kama upepo kwenye nguo zilizoanikwa. "Alinisimamisha juu ya kreti tangu sijajua kusoma. Alinisokota sikio mpaka likachubuka."

"Zungusha kidogo!" alipiga kelele karani wa posta, sasa mzee wa mkongojo, na uani kukalipuka.

Chura alisubiri watulie. "Sicheki," alisema. Wakacheka zaidi, maana ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, uso mkavu. "Aliwakataza watu wasiniongeleshe. Mama yangu aliniwekea chakula akageuza uso. Ninyi hapa, wewe, na wewe, mlikunja kamba nilipokuja."

"Kweli kabisa!" alisema mwanamke mmoja mnene, akijifuta macho. "Jamani, umetukumbusha mbali!"

"Nilikuwa nalia chooni. Huko ndiko nilikokuwa najisemesha peke yangu."

Neno chooni likawamaliza. Karani alishikwa asidondoke na mkongojo wake. Kaka yake alikuwa amejikunja kitini, analia na kucheka pamoja. Chura alifungua mdomo apige kelele, lakini koo lake halikuwahi kuwa na kelele. Kilichotoka ni mkwaruzo, nao ukapigiwa makofi. Alikaa. Watu walikuja mmoja mmoja kumshika mkono. "Umemzika baba vizuri," walimwambia. "Angekuwepo angefurahi sana."

Wageni walipopungua alimkuta kaka yake akipanga viti.

"Ulisikia nilichosema?" alimwuliza.

"Kila neno."

"Nilidanganya?"

"Hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa mbona ulikuwa unacheka?"

Kaka alisimama na kiti mkononi, akafikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Dada, kwa sababu ilikuwa inachekesha," alisema. Kisha akamwuliza kama angependa kubaki na kile kioo. Chura alisema hapana, akaenda kufunga mizigo yake.

Alirudi kazini akiwa bado na siku za likizo. Walimpanga kwenye mashuka, kazi ya watu wawili: mnashika ncha, mnanyoosha, mnakutana katikati, mnaachana. Mwenzake alikuwa msichana mgeni, mzungumzaji, aliyekuwa akisimulia mashine zikinguruma jinsi bibi yake alivyokuwa akisema watoto wa zamani walilelewa na mtaa mzima, sio kama sasa. "Na wewe, dada, ulikulia wapi?"

Chura alimwambia. Alimwambia yote, kwa sauti yake ilivyo, wakikutana na kuachana, shuka baada ya shuka, mpaka rundo likaisha na likaletwa lingine. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye viti vya kukodi alimtazama usoni.

Msichana hakuwa anacheka. Wala hakulia. Alikuwa amekunja uso, na Chura hakujua kama ni kwa sababu ya alichosikia au kwa sababu ya kelele za mashine.

"Vuta upande wako," msichana alisema. "Linalegea."

Chura akavuta.